Mtaalamu wa Rimoti Apanda Jukwaani

Kila mji wa pwani una Mtaalamu wake. Malindi inaye, Watamu inaye, na Kilifi inasemekana wako wawili wasiosalimiana. Haijulikani alisomea wapi, ila hakuna asilolijua, wala hakuna aliyewahi kumsikia akikiri kwamba jambo fulani limemshinda. Siku rimoti ya mashine ya kuvuta vumbi inapogoma katika karakana ya seremala, yeye hutokea bila kuitwa: kanzu imenyooshwa pasi, kalamu tatu mfukoni, na testa ya stima imesimama katikati ya kalamu hizo ili asiye na habari apate habari. Mafundi humfurahia. Kumsikiliza Mtaalamu ni kupumzika bila kukatwa ujira.

Jukwaa lake ni gogo la mwembe. Akishapanda hukohoa, huwatazama waliopo mmoja mmoja, kisha husoma jina la hotuba lote bila kuruka neno: "Utangulizi wa Falsafa, Historia na Tiba ya Kidude cha Kuwashia Mashine kwa Mbali, Juzuu ya Kwanza." Juzuu ya pili haijafikiwa hadi leo kwa sababu chai na mahamri huisha mapema. Yeye mwenyewe hujitaja kwa cheo tu. Husema "Mtaalamu ameona", "Mtaalamu amesikitika", "Mtaalamu angeomba kiti". Mwenye karakana ni "Bwana Fundi", vijana wanaojifunza kazi ni "wanangu", na mchongaji mkongwe aliyeketi pembeni na tezo lake ni "mzee wangu", heshima inayotolewa mbiombio ili mzee asije akauliza swali.

Mashine yenyewe haina fumbo. Mota huzungusha feni, feni huvuta hewa kupitia bomba pana lililoungwa kwenye msumeno wa meza au randa ya umeme, na hewa hiyo huja na maranda pamoja na unga wa mbao. Taka nzito huangukia mfuko wa chini, hewa hutokea kwenye mfuko wa kitambaa ulio juu. Kwa kuwa ina kelele na mwili mkubwa, huwekwa pembeni. Hapo ndipo rimoti inapoingia: fundi aliyeshika ubao wa mita 3 hawezi kuuacha akatembea hadi kwenye kona kila anapotaka kukata. Kidude cha mkononi hutuma amri, na kisanduku kidogo kinachokaa kati ya soketi ya ukutani na plagi ya mashine huipokea na kuruhusu umeme upite. Kisanduku hicho, kipokezi, ndicho chenye kazi nzito. Ndicho pia kisichotazamwa na mtu.

Mtaalamu haanzi na hayo. Anaanza mwaka 1898.

"Mwaka huo, waungwana, katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, Nikola Tesla aliweka mashua ndogo majini akaiendesha bila kuigusa, kwa mawimbi ya redio!" Anasubiri makofi. Hayaji, lakini yeye huyasikia. Kutoka hapo huruka hadi Chicago mwaka 1950, kampuni ya Zenith ilipouza rimoti ya televisheni iliyoitwa Lazy Bones, yaani ya mvivu. Ilikuwa na waya mrefu uliokatisha sebule nzima, na watu wakawa wanajikwaa. Mwaka 1955 mhandisi wa kampuni hiyohiyo, Eugene Polley, akaleta Flash-Matic, iliyomulika mwanga kwenye pembe za televisheni na kuiamuru. Kasoro yake ni kwamba jua likipenya dirishani, televisheni ilijigeuzia stesheni yenyewe. Mtaalamu hapa hupandisha sauti: chombo kile kingeletwa Malindi mwezi wa Februari, nani angetazama taarifa ya habari hadi mwisho? Mwaka uliofuata Robert Adler, wa Zenith pia, alitoa suluhisho la ajabu. Kitufe kiligonga kijiti cha alumini, kijiti kikatoa mlio mwembamba usiosikika na binadamu, na televisheni ikausikia. Haikuwa na betri hata moja.

"Mwaka 1956!" Mtaalamu hurudia, akimtazama Bwana Fundi kwa huruma. "Rimoti bila betri! Na leo sisi tuko hapa."

Wapo waliodhani historia imekwisha. Haijaisha, maana bado Ngomeni. Huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, katika Ghuba ya Ungwana, yamesimama baharini majukwaa ya kituo cha San Marco, kilichoanzishwa na Waitaliano chini ya Luigi Broglio na ambacho leo kinaitwa kwa jina lake. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikisherehekea uhuru wake, roketi ya Marekani ilipaa kutoka hapo ikiwa imebeba setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Orodha iliyotokana na kazi yake ilikuwa na vyanzo 339 vya miale hiyo, na Riccardo Giacconi aliyeongoza utafiti huo alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Haya yote ni kweli tupu. Mchango wa Mtaalamu katika mradi huo ni kwamba ami yake aliwahi kuwauzia Waitaliano kamba, na kwa nasaba hiyo yeye hujihesabu miongoni mwa wanasayansi wa anga.

"Uhuru ilikuwa juu zaidi ya kilomita 500," anasema, kidole kikielekea mbinguni. "Ikaamriwa kwa redio, ikatii. Mashine ya Bwana Fundi iko hatua kumi kutoka hapa, imeamriwa kwa redio, imekataa. Je, tatizo ni umbali?"

Swali hilo ni la haki kuliko yeye mwenyewe anavyojua. Kituo cha ardhini kina antena kubwa, kina nguvu ya kutosha, na kina watu wanaokagua kila kitu kwa orodha kabla ya kubonyeza. Rimoti ya karakana hutoa nguvu ndogo mno, hukaa mfukoni na misumari, na hukaguliwa siku inapokufa tu.

Sasa anaiomba rimoti. Anaipima uzito kwenye kiganja, jambo lisilo na faida yoyote ya kisayansi, kisha anafungua kifuniko cha nyuma kwa testa. Ndani mna betri fupi, nene kidogo kuliko kalamu, imeandikwa 23A na volti 12. Rimoti nyingi za namna hii hutumia betri hiyo. Nyingine hutumia kidonge cha CR2032 chenye volti 3, au mbili nyembamba za AAA. Hapa Mtaalamu anatoa siri ambayo kwa mara moja ni siri kweli: ndani ya ganda la 23A mna vidonge vidogo 8, vimepangwa kimoja juu ya kingine kama peremende katika pakiti, kila kimoja volti 1.5. Kimoja kikidhoofika, safu yote imedhoofika. Betri mpya ikipimwa kwa mita husoma 12 au zaidi kidogo. Ikishasoma chini ya 10, haifai kubembelezwa.

Kijana mmoja husema taa nyekundu ya rimoti bado inawaka, kwa hiyo betri ni nzima. Hili ndilo kosa la pwani nzima, na pengine la dunia. Taa ile inahitaji umeme kidogo kuliko redio iliyo pembeni yake. Itawaka kwa furaha huku mawimbi hayafiki hata mlangoni. Dalili ya betri inayokwisha huwa ileile: wiki hii rimoti inafanya kazi ukiwa kwenye msumeno, wiki ijayo mpaka usogee katikati ya karakana, na wiki ya tatu mpaka uisimamie mashine, ambapo ingekuwa rahisi zaidi kubonyeza swichi yake.

Mzee wa tezo hutoa dawa yake: iwekwe juani. Vijana hucheka, lakini mzee hakubuni. Nyumba nyingi za Afrika Mashariki zilianika betri za redio juu ya bati ili zimalizie taarifa ya saa moja usiku, na kwa zile kubwa za zamani za zinki na kaboni joto lilisaidia kidogo, kwa kuwa mmenyuko wa kemikali ndani yake huharakishwa. Kuna pia waliozing'ata. Betri hizi ndogo za alkalini hazipati faida hiyo. Joto huzifanya zijimalize upesi na kuvuja. Mtaalamu, kwa mshangao wa wengi, analieleza jambo hili sawasawa, kisha anaharibu kwa kuongeza kwamba aliwahi kuwaandikia watengenezaji.

Bahari nayo ina lake. Karakana iliyo karibu na maji, iwe Mnarani au ufukweni Malindi, hupuliziwa unyevu wenye chumvi mwaka mzima, kusi kwa miezi yake na kaskazi kwa miezi yake. Chuma cha springi inayoshika betri hupata kutu, na penye shaba hutokea ukungu wa kijani. Betri ya alkalini iliyovuja huacha unga mweupe. Unga huo asili yake ni alkali, ndiyo maana pamba iliyochovywa katika siki au maji ya ndimu huuyeyusha. Baadaye pafutwe kwa spiriti na pakauke kabla betri mpya haijaingia. Msasa laini hutosha kwa kutu. Vitufe navyo vichunguzwe: chini ya mpira mna vidoa vya kaboni vinavyogusa ubao wa saketi, na gundi, jasho na unga wa mbao vikijikusanya hapo kitufe hubonyea bila kusema kitu. Spiriti na kijiti cha pamba, basi. Haya ni mambo madogo ambayo Mtaalamu huyapita haraka, kwa sababu hayana jina la Kilatini.

Anachokipenda ni kuuliza: "Rimoti hii ni ya mwanga au ya mawimbi?" Karakana hunyamaza. Jibu liko usoni mwa rimoti yenyewe. Ikiwa na kijitaa cheusi au cheupe mbele, mithili ya rimoti ya televisheni, hiyo ni ya mwanga wa infraredi, nayo lazima ionane uso kwa uso na jicho la kipokezi. Mtu akisimama katikati, imekatika. Jicho likifunikwa na vumbi, imekatika. Na hakuna jicho linalopata vumbi zaidi ya lile lililobandikwa juu ya mashine ya vumbi. Karakana ya makuti iliyo wazi pande tatu ina shida ya ziada: jua la mchana linalipiga jicho hilo moja kwa moja na kulipofusha. Kipande cha karatasi ngumu juu yake, mfano wa kibaraza, huliponya.

Kuijaribu ya infraredi hakuhitaji kifaa cha maabara. Washa kamera ya simu, elekeza rimoti kwenye lenzi, bonyeza. Miale isiyoonekana kwa macho huonekana kwenye kioo cha simu ikimetameta rangi ya zambarau au nyeupe. Simu za bei ghali mara nyingi zina kichujio kwenye kamera ya nyuma, basi ijaribiwe ya mbele. Ndiyo sababu kijana mwenye kabambe ya kamera hafifu anaweza kuona kile ambacho Bwana Fundi na simu yake ya maelfu hakioni, na huo huwa ni wakati mtamu sana katika hotuba.

Rimoti nyingi za mashine za vumbi, hata hivyo, ni za mawimbi ya redio, na katika sehemu yetu ya dunia masafa yao ya kawaida ni megahezi 433.92. Wimbi lake lina urefu wa kama sentimita 69, hivyo antena yake rahisi ni robo ya hapo: waya wa sentimita 17 hivi unaoning'inia kutoka kwenye kipokezi. Mafundi wangapi wameuona waya huo, wakaudhani ni wa ziada, wakaukata ili kazi ipendeze? Wengine huukunja na kuufungia ndani ya kisanduku cha chuma, kisha hulalamika kwamba rimoti haifiki. Chuma huyazuia mawimbi. Waya unyooshwe, utoke nje ya kisanduku, na ukae mbali na mwili wa mota. Taa za LED za bei rahisi na mota zenye kaboni, mfano wa zile za mashine za mkono za kupiga msasa, hutoa kelele ya redio inayokifunika kisauti cha rimoti. Kipimo chake ni rahisi: zima kila kitu, jaribu tena.

Malindi ina mageti mengi. Majumba ya Waitaliano na hoteli za ufukweni hufunguliwa milango kwa rimoti, na nyingi za rimoti hizo, pamoja na ving'ora vya magari, huishi katika masafa hayohayo ya 433. Mashine ya vumbi ikijiwasha usiku wa manane, ikavuma peke yake gizani, mtaa mzima hujua kazi hiyo ni ya nani, na kuna anayependekeza ubani. Mtaalamu hana ugomvi na majini, lakini huomba kwanza kifunguliwe kifuniko. Rimoti za aina ya zamani zina swichi ndogo 8 ndani, kila moja juu au chini. Hesabu yake ni mipangilio 256 tu, na wenye nazo wengi huziacha zilivyotoka kiwandani. Geti la jirani na mashine ya Bwana Fundi vinaweza kuwa vinazungumza lugha moja. Swichi mbili tatu zikibadilishwa, kwa rimoti na kwa kipokezi vilevile, jini huhama. Vipokezi vya siku hizi vina kitufe cha kujifunza badala ya swichi: hubonyezwa mpaka taa ipepese, kisha rimoti hubonyezwa nayo ikatambuliwa. Katika aina nyingi, kukishikilia kitufe hicho kwa muda mrefu hufuta rimoti zote zilizowahi kutambuliwa, na fundi asiyejua hili huweza kugeuza tatizo la betri kuwa tatizo la siku mbili.

Hapo ndipo Mtaalamu hushuka kwenye gogo, akaenda ukutani, na kuomba kimya. Anabonyeza. Ndani ya kipokezi panasikika *ta*.

"Mmesikia?"

Wamesikia. Na katika dakika hii, watu wa Malindi wanapaswa kumsamehe kila alichosema kuhusu Ngomeni. Mlio ule ni wa rilei, swichi ndogo ya sumaku, ikifunga. Ukisikika, maana yake betri ni nzima, mawimbi yamefika, mpangilio umelingana, na rimoti imemaliza kazi yake. Kuanzia hapo anayenunua rimoti mpya anatupa pesa. Ugonjwa uko mbele.

Mota ya farasi mmoja na nusu kwa umeme wetu wa volti 240 hula takriban ampea 7 ikiwa imeshika mwendo. Lakini wakati wa kuanza, kabla feni haijazunguka, huvuta mara tano, sita, hata saba ya hapo kwa kitambo kifupi. Rilei ya bei rahisi iliyoandikwa ampea 10 hukutana na mshtuko huo kila asubuhi. Ncha zake hutoa cheche, huungua, na mwisho hutokea moja kati ya mawili: ama zinakuwa nyeusi zisipitishe umeme, mlio wa *ta* ukasikika na mashine isiamke; ama zinayeyuka na kushikana, mashine ikawaka na kukataa kuzimika hadi mtu aikimbilie plagi. Tiba ya kudumu ni kuweka kontakta, yaani rilei kubwa, inayolingana na mota, ili kipokezi kiiamuru kontakta tu nayo ibebe mzigo. Hiyo ni kazi ya fundi wa stima mwenye leseni. Testa ya mfukoni haitoshi.

Mota ikiguna bila kuzunguka, rimoti haihusiki hata kidogo. Kinachoshukiwa ni kapasita ya kuanzishia, ambayo huhifadhi umeme hata baada ya plagi kutoka, na imewahi kuwafundisha adabu wengi waliodhani mashine imelala.

Halafu kuna kipokezi kilicholetwa na ndugu wa Marekani. Nia ni njema, sanduku lina maandishi mazuri, ila ndani kimetengenezewa volti 120 na hezi 60. Kenya tuna volti 240 na hezi 50. Kikichomekwa moja kwa moja huishi muda mfupi na kufa kwa harufu. Mashine nzima ya huko, hata ikipewa transfoma ya kushusha volti, mota yake ya mizunguko 3,450 kwa dakika itazunguka kama 2,850 kwa sababu hezi hazibadilishwi na transfoma, na uvutaji wa vumbi utapungua. Kibandiko cha nyuma kinasomeka bure; kinaposema 220–240 na 50, mengine yanaweza kujadiliwa.

Kufikia hapa Mtaalamu huwa amelowa jasho la heshima. Hugeuka kuomba maswali akitumaini hakuna. Mzee wa tezo, ambaye heshima ya haraka haikumnyamazisha, anainua mkono. Yeye hana mashine wala rimoti. Anachonga chini ya mwembe, anasugua kwa msasa wa mkono, na anakohoa. Vumbi lake linavutwa na nini?

Mtaalamu hutazama saa.

Swali la mzee lilipaswa kuwa ukurasa wa kwanza. Uchongaji na useremala wa pwani hii umepita katika miti mingi: mpingo, mvule, mbambakofi, na muhugu uliokatwa sana kwa ajili ya vinyago hadi ukapungua katika misitu ukiwemo Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba kama 420 za msitu kati ya Kilifi na Malindi. Tangu miaka ya 1990 wahifadhi wamewahimiza wachongaji, wakiwemo wa ushirika wa Malindi, watumie zaidi miti inayopandwa na kukua upesi, hasa mwarobaini, na mwembe uliochoka kuzaa pia hupata kazi. Tezo hutoa vipande vinene vinavyoanguka chini. Msasa ndio unaotoa unga, na unga mwembamba kabisa, ule usioonekana, ndio unaofika ndani ya mapafu. Vumbi la mvule linajulikana kwa kuwasha ngozi na kuchochea pumu. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kwa ushahidi hasa wa saratani za pua na vishimo vya mifupa vilivyo kando yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya mwaka 2007, inamtaka mwenye mahali pa kazi awakinge wafanyakazi wasivute vumbi.

Jina lile la Zenith, la mvivu, kwa hiyo limewapotosha watu. Katika karakana rimoti si anasa. Msumeno hukata kwa sekunde chache, na fundi ambaye lazima atembee hadi kwenye kona ili awashe mashine kwa ajili ya sekunde hizo hatatembea. Atakata, vumbi litapanda, naye atasema ni mara hii tu. Rimoti ikifa, mashine ya vumbi imekufa nayo, ingawa mota yake ni nzima na mfuko ni mpya. Bwana Fundi anayekaa wiki tatu bila kuitengeneza anavuta wiki tatu za unga. Na hata mashine ikifanya kazi, mifuko ya kitambaa chepesi hukamata maranda na kuurudisha hewani unga ulio mwembamba zaidi. Barakoa nzuri inayobana usoni bado inahitajika, si ile inayoning'inia kidevuni. Mzee wa tezo anaihitaji kuliko wote, na afaidi upepo kwa kuuelekezea ubavu, vumbi lipeperuke mbele yake bila kumrudia usoni.

Mtaalamu, aliyekuwa amekwisha kuchukua hamri la mwisho, hurudi jukwaani kwa nyongeza moja aliyosahau, nayo ndiyo yenye uzito kuliko juzuu nzima. Vumbi la mbao likitanda hewani huweza kulipuka. Tarehe 17 Julai 2015 mlipuko uliharibu kiwanda cha unga wa mbao kijijini Bosley, Uingereza, na watu 4 wakafa. Kipokezi ambacho kifuniko chake kimetolewa, rilei ikicheza cheche karibu na mfuko uliojaa, hakifai kuachwa hivyo hata kwa siku moja.

Na mashine inayoamriwa kwa mbali haijazimwa kamwe; imenyamaza tu. Rimoti iko mfukoni mwa mtu mwingine, au kwenye geti la jirani, au chini ya ubao unaokaribia kuangukia kitufe. Kwa hiyo, fundi wa Malindi au wa Kilifi anayetaka kuingiza mkono kwenye feni, kubadilisha mfuko au kuzibua bomba, achomoe plagi ukutani kwanza, na aiweke mahali anapoiona mpaka amalize.